Taarifa ya mwenyekiti, mwaka 2025: avansi, mbao mbichi na meza yangu yenye ilipasuka

Bapapa na bamama wa chama chetu cha maseremala wa Goma, vijana wa atelye, jambo sana. Najua kuna wenye wanaangalia saa ju kliya, muteja, anawangoja kule Birere, basi sitarefusha, ila ya meza nitaisema yote.

Mwaka ulianza mubaya, munajua wenyewe. Vita iliingia mujini mwisho wa mwezi wa kwanza, banki zikafunga, na wale kliya wa kutupa kazi ya ofisi nzima, viti na makabati kwa pamoja, wakaenda. Tukabaki na kitanda, mulango, meza ya kulia. Njo maana kasha, pesa ya chama, imeshuka, na muweka hazina atawasomea hesabu nyuma yangu. Ile miezi tatu mibaya tulisamehe kotizasyo, muchango wa memba, kwa wote.

Avansi sasa, ile pesa kliya anatanguliza. Kliya anakuja na telefone, anakuonyesha foto ya kitanda ya Dubai, anasema nataka kama hii hii, na wewe unajibu sawa papa bila hata kuuliza chumba iko na mita ngapi. Anaacha dola hamsini, unanunua nusu ya mbao, unaingia deni ya verni ya kung'arisha, kliya anapotea, mwishoni unauza kitanda bei ya kuni. Kuna mumoja wetu, yuko karibu na mulango pale, simutaji, alitengeneza kabati ya milango ine ya nyumba moja Himbi, kazi safi kabisa, shukudu, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, ikaileta mpaka barazani na kabati ikagoma kuingia ju hakuna aliyepima mulango, tukaenda watu tano kuikata na kuiunga tena ndani ya chumba. Kwa hiyo tulikubaliana na bado tunakubaliana: usikate mbao kama avansi hailipi mbao yote na verni na skurubu, karatasi iwe na mchoro na vipimo na sinyatire ya wote wawili, na fundi mwenyewe aende kupima, mulango, ngazi, kona. Wenye hawafuati njo wale wale wanakuja kwangu siku ya mungu jioni kuomba mukopo ya kasha.

Mbao: hapa najishitaki mwenyewe. Nilipata komande ya meza ya watu kumi, mbao ya libuyu, kliya ana haraka ju ya harusi ya binti yake. Mbao ilishuka kwa kamyo mbichi, randa ilikuwa inatoa utepe mulaini, murefu, wa baridi mukononi. Nilijua. Nikaunga mbao tano kwa gundi, nikaifunga kwenye fremu kwa skurubu pande zote, nikapaka verni mara tatu, ikang'aa, nikapigwa foto nayo. Wiki chache kliya ananipigia usiku, papa, meza imelia kama bunduki, na mwaka huu Goma mutu akisikia hivyo analala chini kwanza. Asubuhi nikakuta ufa unaingiza kidole, toka kichwani mpaka katikati. Nilimutengenezea ingine, mbao ya mufuko wangu.

Mbao ikikauka inapungua upana, urefu haubadiliki sana. Uso wa meza wa mita moja ukiwa mubichi unaweza kupoteza sentimita mbili ao zaidi, na ukiubana kila upande hauna pa kwenda. Tundu za skurubu kwenye fremu muzitoboe ndefu, mbao ipate kutembea. Na ikauke kwanza: wazee walitufundisha mwaka mumoja kwa kila sentimita mbili na nusu ya unene, chini ya paa, upepo ukipita.

Njo sababu kasha ililipa mabati ya hangari ya kukaushia mbao. Mawe ya volkano ya 2002 yalituchomea nyumba, sasa yanabeba mbao zetu zisiguse chini. Kati ya ubao na ubao muweke vijiti vya unene mumoja, kimoja juu ya kingine kwa mustari, la sivyo ubao unapinda kama upinde. Vichwa vya mbao mupake rangi nzee, ju hapo njo inakauka mbio na kupasuka. Tarehe muandike na choko. Na mutu asichukue mbao ya mwenzake, kesi mbili zinatosha.

Vijana, vumbi ya msasa inaingia mapafu, muvae maski, na mabosi njo wanunue.

Kotizasyo inabaki ile ile. Mwenye anataka nafasi hangarini aandike jina kwa sekretere leo, na aje na choko yake. Muweka hazina, endelea.