Shukrani za familia yetu, Katesh: kwa walimu, majirani na wote mliotubeba baada ya maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, Desemba 2023

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi iliyopita tulimaliza kujengea kaburi la mama yetu mpendwa na la mjukuu wake wa miaka sita. Tumeweka misalaba na Padri ameyabariki. Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku hiyo ikifika ndipo tutatoa shukrani, maana kabla ya hapo kila aliyeshika kalamu aliishia kulia. Tunajua tumechelewa mno. Mtusamehe kwa hilo kwanza.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 haitusahauliki. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na alfajiri tukasikia mlima unanguruma. Wengi tulidhani Hanang umelipuka, kwa kuwa tangu utotoni tunaambiwa ni volkano iliyolala. Baadaye wataalamu walieleza kwamba haukulipuka: sehemu ya mlima ilinyonya maji, ikalainika, ikamomonyoka na kushuka ikiwa tope, mawe na magogo. Mama alikuwa ameshaamka kujiandaa na misa ya kwanza. Mtoto alikuwa bado amelala chumbani kwa bibi yake. Tulipofanikiwa kutoka kwa mlango wa nyuma, nyumba ya mama haikuwepo. Palikuwa na tope zito kama zege bichi, na juu yake limelala bati moja lililokunjika.

Mtoto alipatikana siku ileile. Mama hakupatikana.

Tulipelekwa kujihifadhi shuleni, na hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Tulikuta walimu wameshasukuma madawati ukutani na kutandika chini chochote walichokuwa nacho, mikeka, mashuka, hata mapazia ya nyumbani kwao. Katika darasa letu mwalimu mmoja alichukua chaki akaandika ubaoni majina ya watu ambao hawajaonekana, kila familia ikimtajia wa kwake. Jina la mama lilikuwa la nne. Mwalimu yule alikuwa akienda hospitali, akienda kwa askari waliokuwa wakichimbua, akirudi anaandika mbele ya jina: "yupo wodini", "yupo Babati, mzima." Habari ikiwa mbaya hakuandika kitu. Alimwita mwenyewe nje, polepole, wasisikie wengine.

Jumatatu, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoongoza kuaga miili, mama hakuwemo. Jumanne usiku tulilala tukilitazama lile jina kwa mwanga wa tochi. Jumatano adhuhuri mwalimu aliingia na hakwenda ubaoni. Alimshika kaka yetu mkubwa begani, wakatoka.

Mwalimu, ulikaa naye chini ya mti mpaka jua likazama. Nawe ulikuwa umefiwa na ndugu yako, jambo ambalo tulikuja kulijua wiki kadhaa baadaye, tena si kutoka kinywani mwako. Umetuomba tusikutaje jina na tumekutii. Mungu anakujua.

Mpishi wa shule, mama yetu mwingine, uliyekoroga uji kwenye lile sufuria kubwa tangu usiku wa manane na kuni zikiwa zimelowa, ukimkumbuka baba kwamba ana kisukari na kumtengea wa kwake usio na sukari: Mungu akubariki wewe na uzao wako. Mwalimu mkuu uliyetoa kanga zako mbili mpya tumsitiri mama, tunakushukuru sana. Fundi seremala wa jirani, ulifanya kazi usiku kucha ukakataa hata hela ya misumari.

Na ile shule ya pili, iliyowapokea watoto wetu Januari wakiwa hawana sare, hawana daftari, hawana hata viatu. Wanafunzi wenyewe walichanga. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kila mvua ikipiga bati anaingia chini ya dawati, na mwalimu wake wa darasa la pili alikuwa anaacha kufundisha, anakwenda kukaa naye chini mpaka itulie. Hakumkemea hata siku moja. Leo mtoto anasoma mvua ikinyesha. Asante Mungu, asante mwalimu.

Tunamshukuru Rais Samia Suluhu Hassan aliyefika Katesh tarehe 7 Desemba kutupa pole, na Serikali iliyobeba gharama za mazishi na matibabu. JWTZ, Polisi, Zimamoto, Msalaba Mwekundu, madaktari na wauguzi wa Katesh na wa Babati, vijana wa bodaboda mliobeba majeruhi barabara ikiwa haipitiki, wenye matrekta, mapadri na masista, akina mama Wakatoliki wa WAWATA, jumuiya yetu ndogo ndogo, wachungaji wa KKKT, masheikh na Waislamu wote mliotuletea chakula, majirani wa Jorodom na Gendabi mliokuja kutufariji huku nanyi mna misiba yenu, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wakwe zetu wa Singida, na Watanzania wote mliotuma nguo na unga bila kutujua. Asanteni sana.

Waliofariki walifikia 89. Wawili ni wetu, na tunaziombea familia zote.

Tunajua tumewaacha wengi. Siku zile tulikuwa kama watu waliopigwa rungu kichwani. Mtu alikuja akatushika mkono, akatuwekea elfu tano mfukoni, akaondoka, na leo hatuikumbuki sura yake. Wewe uliyefanya hivyo na hujajisoma humu, usidhani tumekudharau. Tunakuomba radhi kutoka moyoni.

Mmoja tunamtafuta bado. Ni kijana aliyemkuta kaka yetu akichimba tope peku Jumapili ile, akavua gambuti zake nyeusi, akamvisha, na yeye akaendelea kuchimba miguu mitupu. Tangu hapo hatujamwona. Gambuti tumezisafisha na tunazo, namba tisa, ya kushoto ina kiraka kisiginoni. Siku hizi tunaishi kwenye zile nyumba mpya za waathirika, Waret. Kama ni wewe, au unamfahamu, tafadhali njoo, ukiulizia kwa wafiwa wa Bibi wa misa ya kwanza utaletwa mlangoni.