Mheshimiwa Waziri, mnampima mzee dawa ikiwa imemkolea

Kwa Waziri wa Masuala ya Wanajeshi Wastaafu,
Washington, Marekani.

Mheshimiwa,

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani hapa Minnesota. Naandika kwa Kiswahili makusudi: miongoni mwetu tunaowaogesha na kuwavisha wastaafu wako tumo tuliotoka Kenya, Tanzania na Kongo, na tunayoyaona alfajiri hayafiki kwenye mafaili yako.

Sheria yenyewe ya kuwalipa fidia wanajeshi wastaafu wanaougua sina ugomvi nayo. Tangu 2010, aliyepigana Vietnam akiugua Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, hatakiwi kuthibitisha kwamba ni Agent Orange, kemikali ya kuua mimea iliyonyunyizwa vitani, iliyomdhuru. Mwaka 2021 zikaongezwa dalili za jamii hiyo, yaani parkinsonizimu. Waliokaa Camp Lejeune, kambi ya kijeshi huko North Carolina, siku 30 au zaidi kati ya Agosti 1953 na Desemba 1987, maji ya kambi yakiwa na sumu, Parkinson yao inatambuliwa tangu 2017. Dai likikubaliwa, kima cha chini cha ulemavu unaolipiwa fidia ni asilimia 30.

Hicho kima cha chini ndicho kinachonikera, maana wengine huishia hapo hapo. Kanuni zinaruhusu kila athari ihesabiwe peke yake: mkono huu na ule, kila mguu, kumeza, sauti, mkojo, choo, sonona. Lakini siku ya kupimwa kiwango hicho familia humvalisha mzee shati lililopigwa pasi na kuhakikisha amemeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, kwa wakati. Anaingia akitembea, anasalimia, anatania. Laiti mpimaji angemkuta kabla dawa haijamkolea! Vidole havishiki kifungo, miguu imegoma mlangoni kama iliyopigiliwa misumari, uji unampalia. Na mambo ya choo hamwambii mgeni. Askari wa umri ule atajibu tu kwamba yuko sawa. Wazee wetu kule nyumbani ni vivyo hivyo.

Naomba mpimaji aandike dawa ilimezwa saa ngapi, na aulize mgonjwa huwaje ikimwishia mwilini. Tena idara yako tayari hupokea maelezo ya maandishi ya shahidi yeyote, awe mke, jirani au mhudumu. Basi yaombeni kabla ya siku ya kipimo, msiache familia igundue kuwa fomu ya maelezo hayo ipo baada ya kupewa kiwango kidogo na kuanza kukata rufaa. Sisi wahudumu tuko tayari kuandika, na mtafsiri tutamtafuta wenyewe.

Wako,
Mhudumu wa wazee, Minneapolis