Usiiuze XT ya Baba Yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umekanyaga kiki ya kuwashia XT500, ile pikipiki ya Yamaha uliyorithi kwa baba yako, hadi goti likauma, ikafika mahali ikagoma, ukasimama juu yake kwa uzito wako wote na bado haikushuka. Fundi wa hapo mtaani akakwambia injini imekufa: ama ufunge ya Boxer, ile pikipiki ya boda, ama uiuze kwa kilo. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Vijana wengi huko Nairobi wamerithi pikipiki za wazee na wanaambiwa maneno hayo hayo.

Injini hiyo haijafa. Kiki kukubeba ukiwa umesimama juu yake ndiyo habari njema kuliko zote ulizoniandikia. Maana yake pistoni imepanda, valvu zote mbili zimefunga, na hewa iliyobanwa juu ya pistoni haina pa kutorokea. Ringi zikiisha, au valvu zikiwa hazikai vizuri, kiki haikubebi hivyo. Inateremka yenyewe chini ya mguu na unasikia hewa ikivuja. Fundi aliyeipima kwa kuikanyaga mara chache hakupima chochote.

Elewa umekalia nini. Yamaha walianza kuiuza XT500 katikati ya miaka ya sabini: silinda moja, cc 499, bila stata ya umeme kabisa. Mfaransa Cyril Neveu alishinda nayo mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar mwaka 1979, akashinda tena 1980. Boxer uliyozoea ina cc 150 hivi, na hata ukiikanyaga ovyo itawaka. Hii pistoni yake moja inasukuma hewa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Hakuna mguu wa binadamu unaoipitisha pale juu kwa nguvu, hata uwe mguu wa mchezaji wa raga. Baba yako alijua hivyo, ndiyo maana aliweza kunifundisha mimi, dada yake mdogo mwenye kilo hamsini na kitu, pale kwenye baraza ya nyumba ya Majengo, Mombasa. Aliisogeza karibu na baraza ili mguu wangu wa kushoto upate pa kukanyaga, kisha akakaa pembeni na kuninyima msaada mpaka ikawaka.

Sasa fuata mpango. Toa gia, fungua koki ya petroli, washa swichi. Mshiko wa mafuta, ule wa mkono wa kulia, usiuguse kabisa; usivute mafuta. Kanyaga kiki taratibu, bila pupa, hadi ufike pale inapokuwa ngumu. Hapo ndipo ulipokuwa unapigana nayo. Usipigane. Chini ya mkono wa klachi kuna kimkono kidogo, kinavutwa kwa kidole. Kazi yake ni kuifungua kidogo valvu ya kutolea moshi ili hewa ipate njia. Kivute, kisha ishushe kiki kidogo tu, sentimita chache, pistoni ipite kileleni. Achilia kimkono. Acha kiki ipande hadi juu kabisa. Sasa kanyaga mara moja, mfululizo, mpaka chini, na mguu uendelee na kiki hadi mwisho wa safari yake. Usiipige kwa juu ukauondoa mguu.

Sababu ya kupitisha kilele ni hii. Ukianzia hapo, pistoni ina nafasi ndefu ya kushuka, kutoa, na kuvuta hewa mpya kabla ya kukutana na ugumu tena. Gurudumu zito lililo ndani ya injini linakuwa limeshashika kasi, na lenyewe ndilo linaloisukuma pistoni kuupita ugumu. Wewe unalipa gurudumu mwendo, gurudumu linafanya kazi ambayo mguu hauwezi. (Ndugu yake XT, ile SR500 ya 1978, ina kidirisha cha kioo kwenye kichwa cha silinda kinachokuonyesha alama pistoni inapokuwa mahali pake. Lakini mguu ukizoea huhitaji kuangalia.)

Na ukikosea mahali pa kuanzia, cheche inaweza kuruka kabla pistoni haijafika juu, ikarudishwa nyuma kwa kishindo, na kiki ikarudi nayo. Nimeona kifundo cha mguu cha mtu mzima kikivimba kwa pigo moja la namna hiyo. Ulisema unaikanyaga ukiwa na sandali. Tafadhali usirudie. Vaa buti ngumu inayofunika kifundo, goti liwe limekunjwa kidogo, na ukanyage kwa katikati ya wayo, si kwa vidole.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo fundi wako hakulifikiria kwa sababu hakuuliza pikipiki imetoka wapi. Imeishi Mombasa miaka yote, usawa wa bahari. Wewe umeipandisha kwa lori hadi Umoja, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Hewa huko ni nyepesi. Shinikizo lake limepungua kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Lakini jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, ni zile zile, zinatoa petroli ya kutosha hewa nzito ya Mombasa. Kwa hiyo kila unapokanyaga, petroli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Fungua plagi uitazame. Nina hakika utaikuta nyeusi, na masizi makavu yanayochafua kidole. Inayochoma sawasawa inakuwa na rangi ya hudhurungi. Dawa yake ni jeti kubwa ipunguzwe saizi moja au mbili, na klipu ya sindano ya kabureta ipandishwe tundu moja ili sindano ishuke. Choki itumie asubuhi ya baridi tu, kama hizi za Julai, na uirudishe mara injini inapokamata. Injini ikiwa imeshapata joto, choki ni kuizamisha kwa petroli.

Na nadhani tayari umeizamisha. Plagi ikitoka imelowa na inanuka petroli, usiendelee kukanyaga vile vile. Funga koki na urudishe choki. Plagi ikaushe, uirudishe mahali pake. Zima swichi, vuta mafuta hadi mwisho, shikilia kile kimkono kidogo na ukanyage mara kadhaa ili petroli ya ziada itoke kupitia bomba la moshi. Kisha funga mafuta, fungua koki, washa swichi, anza mpango upya.

Suala la oili limenitia wasiwasi zaidi. Unasema kijiti cha kupimia oili kilikuwa kikavu, na fundi alitaka kuongeza lita nzima. Asiongeze! XT haiweki oili yake chini ya injini kama Boxer; inaiweka kwenye fremu, ndani ya bomba lile nene lililo mbele ya tangi. Pikipiki ikikaa miezi, oili inavuja taratibu kutoka kwenye fremu na kujaa tumboni mwa injini. Kijiti kinaonyesha hakuna kitu, kumbe oili yote ipo, imehama tu. Ndiyo maana pia kiki ilikuwa nzito hata kabla ya pale pagumu. Ikishawaka, iache ingurume dakika chache, pampu itairudisha, kisha pima. Ukiongeza sasa, ziada itatafuta pa kutokea, na utaikuta kwenye kisafisha hewa na sakafuni.

Petroli iliyomo usiitumie. Imekaa tangu msiba. Mwaga ya tangi, halafu fungua kikombe cha kabureta chini na umwage pia. Ikiwa ina rangi ya chai na harufu ya rangi ya mbao, vile vitundu vidogo vya jeti vimeziba na hakuna kiki itakayosaidia. Tutavisafisha kwa hewa ya kompresa, si kwa waya, waya unavipanua.

Wakikwambia uisukume ukiwa na gia ya pili, kama wanavyofanya vijana wa boda, kataa. Gurudumu la nyuma litajifunga na kuburuta tu. Betri nayo usiinunue kwanza. Cheche ya XT haiitegemei, betri ni ya taa na honi.

Jumamosi nitashuka kutoka Limuru na matatu ya asubuhi. Nitapitia Kirinyaga Road, ambayo wazee wa spea bado wanaiita Grogan, nitafute jeti za saizi ndogo za kabureta ya Mikuni na plagi mbili mpya. Wewe tafuta buti na mtungi wa lita tano wa petroli safi, na umwambie fundi wako asiiguse. Ikiwaka, utaipanda mwenyewe hadi Limuru, mimi nitakaa nyuma nikisikiliza inavyopumua kule juu ya mita 2,000, maana huenda ikadai jeti nyingine.

Shangazi yako