Sapresa au friji gadi: unahitaji ipi?

Mteja akituomba "sapresa", tunamuuliza kwanza ni ya nini. Fundi wa magari hulitumia jina hilo kwa kinachozuia cheche za plagi zisikwaruze redio. Kwenye bunduki ni kile kibomba cha mdomoni cha kupunguza mlio. Sisi tunauza za umeme tu, zile zinazokinga vifaa vya nyumbani umeme unaporuka ghafla.

Ukiifungua sapresa ya umeme utakuta kidude bapa cha mviringo, saizi ya sarafu, mara nyingi cha buluu, chenye miguu miwili. Hiyo ndiyo varista, na imetengenezwa kwa oksidi ya zinki. Umeme ukiwa wa kawaida, volti 230, haifanyi lolote. Volti zikiruka ghafla, pengine radi imepiga jirani au mota kubwa imezimwa, inafunguka papo hapo na kuupitisha mruko pembeni kabla haujaifikia TV yako. Sehemu ya mruko huo hutakiwa kwenda ardhini, kwa hiyo nyumba isiyo na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, inapata kinga pungufu, hata ununue sapresa ya bei gani.

Tena inachakaa. Kila mruko unaimaliza kidogo kidogo, na siku ikifa soketi zinaweza kuendelea kutoa umeme kama kawaida. Ndiyo maana nzuri huwa na taa ya kuonyesha kinga bado ipo. Ekstensheni yenye swichi nyekundu inayowaka si sapresa. Taa ile inasema umeme upo, basi.

Sasa, friji nyingi haziungui kwa mruko. Zinaungua kwa umeme mdogo wa jioni, kompresa inanguruma bila kuwaka mpaka inapata moto. Hapo sapresa haisaidii kitu. Ubaya mwingine ni nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, kukatika kwenye laini ya njia tatu (fezi tatu): nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, tena kwa dakika kadhaa. Varista haikuundwa kubeba mzigo wa muda wote huo, nayo huungua.

Kazi hiyo ni ya friji gadi. Inakata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, na ukirudi inasubiri dakika chache ili presha ya gesi kwenye kompresa itulie ndipo iwashe. Kwa TV, dekoda na kompyuta chukua sapresa. Kwa friji chukua friji gadi. Umeme wa mtaani kwako ukiwa wa kupanda na kushuka, hata TV iwekee kifaa cha kukata. Kama hujui nyumba yako ina ethi, tunamtuma fundi apime kabla hujanunua chochote.

Radi ikianza kupiga, chomoa plagi na waya wa antena pia, maana nao huingiza umeme ndani.