Riziki, uwaambie kwa Kiswahili

Bukavu, Kadutu, Jumapili tarehe 18 Februari 2024

Riziki mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mguu wa baba yako umepunguza kuuma, mvua inanyesha kila siku na udongo wa huko juu umeanza tena kuteremka, ila nyumba yetu imesimama. Maharagi yamepanda bei kwa sababu ya vita vya upande wa Minova. Nimetoka misa ya kwanza, sikwenda sokoni, nimekaa kukuandikia, maana nina neno ambalo nikilisema kwenye simu mtandao utalikatakata.

Hotuba yako ilifika. Bahati alinisomea usiku wa Ijumaa, kurasa nne za Kifaransa, akisimama kila baada ya sentensi kunieleza. Nilifurahi hadi chakula kikanishinda. Mtoto wa mama muuza sambaza, visamaki vya ziwani, amechaguliwa na wanafunzi wenzake wa sheria kusimama tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi! Chuo hicho kilipofunguliwa mwaka 1956, bibi yako alikuwa binti wa kuchota maji kule Walungu, na hakuwahi kushika kalamu hadi alipoaga dunia. Nilimkumbuka, nikalia kidogo. Bahati alidhani umeandika vibaya.

Lakini alipomaliza nilimwuliza, nani ataelewa maneno haya? Akasema: wanafunzi, maprofesa, wakubwa wa serikali. Nikamwuliza tena, na yule mama anayeuza mikate pale mnapoingilia kampasi yenu ya Kasapa, ambaye wewe mwenyewe uliniambia anakukopesha mwisho wa mwezi? Akanyamaza.

Riziki, kuna jambo sijakusimulia lote. Unajua kwamba meza yangu ya soko la Kadutu niliipata mwaka 2001. Hujui niliipataje.

Ulikuwa mtoto wa mgongoni. Baba yako alikuwa Kamituga kwenye dhahabu, mwezi wa saba huo bila habari, kwa sababu barabara ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki na simu kama hizi hazikuwepo. Meza ilikuwa inauzwa. Nilikuwa na nusu ya pesa, nusu nyingine nilitaka kukopa mahali nilipokuwa nikiweka akiba yangu kila Jumamosi. Karani akaangalia kitabu changu, akaona sijakosa hata wiki moja, akasema vizuri sana mama, sasa lete barua ya ruhusa ya mume. Nikamwambia mume yuko Kamituga. Akasema basi mlete mwanaume wa ukoo wake.

Nikaenda kumchukua baba yako mdogo, yule ambaye leo ana butiki kule Uvira. Alikuwa na miaka 19. Viatu alivyovaa siku ile nilimnunulia mimi, karo yake ya shule nililipa mimi kwa sambaza. Mimi nilikuwa na miaka 31, watoto watatu, wewe mgongoni unalia. Akaweka sahihi. Karani hata hakuniangalia tena, akawa anazungumza naye: utamsimamia dada? Naye mtoto wa watu, kwa haya, akajibu ndiyo. Hakuwa na kosa. Lakini tulipotoka nje nilihisi kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha kichwa barabarani. Kwa miaka 16 nilifikiri ni roho mbaya ya karani yule. Kumbe ilikuwa sheria.

Wewe unaijua kuliko mimi: Sheria ya Familia ya mwaka 1987, kifungu cha 448. Mke hana budi kupata ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Na kifungu cha 444, mume ni mkuu wa nyumba na mke ampe utii. Mimi nimevijulia ukumbini, Machi 2017, chuo kikuu hapa kwetu Bukavu.

Wanawake wote wa MUSO yetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, tulikwenda, 22 kwa hesabu, wengine na watoto mgongoni. Tulikaa tangu saa tatu asubuhi. Walizungumza watu wengi wenye heshima, wote kwa Kifaransa, na vizuri bila shaka, kwa sababu waliokaa mbele walikuwa wakitikisa vichwa. Sisi wa nyuma tulipiga makofi waliposikika wenzetu wakipiga. Mama mmoja karibu yangu alilala. Basi akasimama asistenti mmoja wa sheria, mwalimu msaidizi wa chuo, msichana mwembamba, karatasi mkononi, naye akaanza kwa Kifaransa vilevile. Hapo mama mzee muuza makala ya kupikia, yaani mkaa, akanyanyua mkono kabla ya wakati wa maswali, akasema: “Mama, samahani, utuelezee na sisi mu Kiswahili yetu.” Watu wakacheka. Yule asistenti hakucheka. Akaweka karatasi chini, akashika mikro, kile kipaza sauti, kwa mikono miwili na kuanza upya.

Akasema: zamani iliandikwa mke aombe ruhusa ya mume. Sasa imeandikwa mume na mke wapatane. Ukumbi ulinyamaza namna ambayo sijapata kusikia tena. Nikasimama, magoti yananitetemeka, nikauliza: tangu lini? Akajibu tangu tarehe 15 Julai mwaka jana. Miezi minane, Riziki! Miezi minane sheria ilikuwa imekwisha kubadilika, mimi ninauza samaki umbali wa dakika 20 kutoka kwenye ukumbi ule, na sikuwa na habari. Haikufichwa. Iliandikwa katika gazeti rasmi la serikali, kwa lugha ambayo mimi nikiona karatasi yake natafuta mtoto wa kunisomea.

Mama mwingine akauliza: na mume akitaka kukopa? Asistenti akasema: naye apatane na mke. Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, hadi wanafunzi wakaja kuchungulia madirishani. Halafu akatuambia na lisilotufurahisha, kwamba kifungu cha 444 bado kinamwita mume mkuu wa nyumba. Nilimheshimu kwa hilo. Angeweza kunyamaza tukaenda nyumbani tukicheza.

Mwaka 2019 baba yako alipotaka kukopa apate kununua pikipiki ile, karani, si yule wa zamani, alimwuliza: mama yuko wapi? Akaja kuniita sokoni. Nikanawa mikono, nikaenda na harufu yangu ya samaki, nikaweka sahihi karibu na ya kwake. Njiani hakusema neno. Jioni ndipo akaniambia, hii karatasi utunze wewe. Iko kwenye sanduku la chuma pamoja na vyeti vyenu vya kuzaliwa. Ukija utaiona.

Sasa turudi kwenye hotuba yako. Umeanza na yule mama Mjerumani, Clara Zetkin, aliyependekeza siku hii kule Copenhagen mwaka 1910. Mwache, ni haki yake kutajwa, lakini asitangulie. Tangulia na Sophie Kanza. Watu wengi wanamjua kwa jina tu, hawajui kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, mwaka 1964, na akawa waziri mwaka 1966. Kisha waambie hili, walifikirie vizuri: alipokuwa waziri, wanawake wa nchi hii walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura. Ilikuja na katiba ya 1967. Aliongoza wizara kabla mama yake hajaruhusiwa kuchagua hata mbunge.

Kuhusu ile parite, usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi, ya kifungu cha 14 cha katiba ya 2006, umeandika ukurasa mzima na Bahati alichoka. Mama wa sokoni atataka kujua kitu kimoja, kwamba imeandikwa lakini haijajaa. Mwambie kwamba mwaka 2018, kati ya wagombea 21 wa urais, mwanamke alikuwa mmoja tu, Marie-Josée Ifoku. Mwambie pia mwaka uliofuata Jeanine Mabunda alikaa kwenye kiti cha spika wa Bunge la Taifa, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa pale. Hayo mawili yanatosha.

Urithi umeusahau kabisa, na hapo mwanangu nimekushangaa. Huku Bushi, kwetu sisi Washi, binti hapewi shamba. Atakula kwa mumewe, ndivyo wanavyosema. Shangazi yako alifukuzwa kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Huko Lubumbashi pia wajane wanatolewa nyumbani hata matanga hayajaisha, na ndugu wa marehemu wanabeba hadi masufuria. Sheria haimtengi mtoto wa kike na wa kiume katika mali ya baba yao. Liseme hilo polepole, urudie mara mbili. Ukumbini hapo atakuwepo mmoja ambaye kesho yake anakwenda kwenye kikao cha ukoo.

Tena, usimfukuze mtu kwa sababu ya kikwembe, kile kitenge cha sare. Napenda kikwembe cha tarehe nane, unanijua, nimevitunza vyote, na wanawake wakishuka na rangi moja kwenye avenyu Lumumba moyo wangu unapanda. Lakini kila mwaka naona walewale wanaobaki nyumbani kwa aibu kwa sababu hawakupata pesa za kukinunua, na ndio waliohitaji kuja. Unakumbuka Oktoba 2010? Ulikuwa na miaka tisa. Matembezi ya Dunia ya Wanawake yalimalizikia hapa kwetu Bukavu tarehe 17, baada ya kuanza Machi nchi mbalimbali. Nilikushika mkono tangu Kadutu hadi mjini. Walikuja wageni ambao lugha zao hatukuzijua, na wengine wao walipanda hadi Mwenga kwa ajili ya wanawake waliozikwa wakiwa hai mwaka 1999. Na mama zetu wa vijijini walikuja kwa maelfu, kila mmoja na kitambaa alichonacho, wengine miguu mitupu, na hakuna aliyeulizwa amevaa nini. Uliniuliza kwa nini mzungu yule analia na huku anacheza. Sikuwa na jibu, nilikubeba mgongoni ingawa ulikuwa mkubwa, upate kuona mbele.

Bukavu ikitajwa huko nje inatajwa kwa majeraha yake, na ni kweli tunayo, hospitali ya Panzi inayowatibu wanawake waliobakwa haikujengwa bure. Lakini siku ile tulikuwa mji uliowapokea wanawake wa dunia nzima, tukawapikia. Mimi binafsi nilikaanga sambaza ndoo tatu. Ukipata nafasi wataje wanawake wa kwenu kwa hilo pia.

Ninachokuomba ni hiki. Kifaransa waachie maprofesa, wana siku nyingi za kukisema. Wewe useme Kiswahili, tena si hiki changu cha Bukavu ambacho huko mnakicheka. Useme kile cha Lubumbashi, kile unachosemea na wauza visamaki vya kapenta wa soko la Kenya, huko huko Lubumbashi. Ukiogopa kwamba wakubwa watakudharau, soma salamu za mwanzo kwa Kifaransa, wapate chao, kisha uweke karatasi chini. Na kabla ya siku hiyo, wewe na wenzako mpite mlangoni mwa kampasi, muwaite kwa midomo yenu: mama wa mikate, mama wa makala, wale wanaosukuma maji. Mkiandika tangazo mkalibandika ukutani hawatakuja. Muwawekee viti vya mbele. Sisi mwaka ule tulikaa nyuma kabisa, mikro haikutufikia.

Maneno ya sheria yakikushinda kwa Kiswahili, nipigie jioni, tutayatafuta pamoja. “Wanandoa” hakuna anayelisema sokoni, sema mume na mke. “Matendo ya kisheria” sema kukopa, kuuza, kununua kiwanja, kuweka sahihi. Mimi nitajifanya ni yule mama wa mikate, nisipoelewa nitakuambia.

Jirani yetu dereva anasafiri Alhamisi kwenda Uvira, kutoka huko mzigo utapita Kalemie hadi kwako, omba Mungu barabara iwe inapitika. Nimefunga sambaza kavu kilo mbili. Moja ni ya mama wa mikate, umpe mkononi umwambie imetoka kwangu. Kuna pia kikwembe cha 2017, kile nilichovaa siku ya ukumbi. Fundi amekipunguza kiuno, ila mikono sikumruhusu kuigusa, uangalie kama inakutosha.

Bahati amesema siku hiyo utaweza kurekodi sauti. Ufanye hivyo. Ijumaa saa kumi soko linakuwa na utulivu kidogo, nimekwisha kuwaambia mama wa meza za jirani, mmoja ataleta redio yake kubwa ile ya kuchomeka simu.

Baba yako anakusalimu. Anauliza kama kifungu cha 444 utakitaja. Nimemwambia utakitaja.

Mama yako anayekupenda,
Mama Riziki