Jicho langu lililipwa mtamba

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu ya dini, aliyesema Jumapili iliyopita kwamba Wayahudi walikuwa wakitoboana macho kwa amri ya Musa ya jicho kwa jicho, mpaka Yesu alipokuja kuwafundisha huruma. Maneno hayo nimeyasikia mimbarani tangu utotoni, na nakiri niliwahi kuyahubiri mwenyewe. Lakini kwenye habari ya macho nina haki ya kusema kidogo. Mimi ni chongo.

Mwaka 1976, huku kwetu Usangi, niligombana na jirani kwa ajili ya zamu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Aliziba mfereji, nikauzibua, akauziba, nikauzibua tena. Jiwe alilonirushia halikuzidi yai la kuku. Nililazwa hospitali ya KCMC, Moshi, wiki tano na jicho la kushoto halikurudi. Sisi Wapare tunasifika kwa kesi, mtu atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, lakini safari ile wazee walikaa siku moja tu wakamaliza: mtamba mmoja, gharama zote za hospitali na nauli, na vibarua wawili wa kunilimia msimu ule. Baba yangu, mzee wa kanisa, hakuridhika. Akasimama, akasema Biblia imeandika jicho kwa jicho. Mzee mmoja akamwuliza, "Mtamba utamkamua. Hilo jicho utalikamua?"

Miaka kumi baadaye nilikuwa chuo cha uinjilisti. Mwalimu wetu wa Agano la Kale aliponiona na miwani yangu nyeusi alinipa Mishna ya Kiingereza, jalada limeliwa na mende, akaniambia nisome kitabu chake kimoja kiitwacho Bava Kama, sura ya 8. Mishna ni mkusanyo wa sheria za marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, uliokamilika mnamo mwaka 200 baada ya Kristo. Nilisoma nikadhani nimo kikaoni Usangi. Aliyemjeruhi mwenzake analipa mambo matano: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, siku za kukaa bila kazi, na aibu. Hakuna anayetobolewa. Hasara ya kiungo hupimwa kama vile majeruhi ni mtumwa anayeuzwa sokoni: alikuwa na thamani gani jana, ana thamani gani leo. Kipimo hicho hakikunipendeza, ila hesabu niliielewa.

Marabi hawakuyatoa hewani. Walisoma sura nzima, si mstari mmoja. Kitabu cha Kutoka 21:19, mistari michache tu kabla ya jicho kwa jicho, inamtaka aliyempiga mwenzake alipe muda uliopotea na kumuuguza mpaka apone. Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa uhai wa mwuaji. Wakasema, kama uhai ndio umekatazwa fidia, basi viungo vina fidia. Na katika Talmudi, mkusanyo wa baadaye wa mijadala yao juu ya Mishna, kwenye kitabu kilekile cha Bava Kama, utawakuta wakibishana kama watu wa kijiweni. Rabi Dostai anauliza: jicho la huyu likiwa kubwa na la yule dogo, hapo jicho kwa jicho itakuwaje? Anajibiwa kwamba pengine kinacholipwa ni nuru kwa nuru, ukubwa si hoja. Hoja yake imeanguka, lakini hawakuifuta, imo mpaka leo. Kisha Rabi Shimon anauliza: kipofu akimpofusha mtu, utamtoa nini, na sheria imesema iwe moja kwa wote? Hapo niliweka kitabu chini. Mimi mwenye jicho moja nikimtoboa mtu jicho lake moja, nitolewe hili lililobaki? Yeye aendelee kuona, mimi nishikwe mkono?

Sisemi walikubaliana wote. Rabi Eliezer alishikilia kwamba jicho ni jicho kweli, na wenzake wakahangaika kumtafutia maana. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba aliyemlemaza mwenzake hutendewa vivyo hivyo, isipokuwa aliyeumizwa akikubali fedha. Kwa hiyo ubishi ulikuwapo, na ulikuwapo ndani ya nyumba yao wenyewe. Mwandishi wako ameuruka wote akaandika kana kwamba alikuwa mlangoni akihesabu macho. Wa upande wetu, Augustino, askofu wa kale, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alikwisha kueleza kwamba amri ile ilikuwa mpaka wa hasira, si kuni zake. Kidonda kimoja, malipo ya kimoja, usimchomee mtu nyumba.

Tuje kwa Yesu. Baada tu ya kutaja jicho kwa jicho, katika Mathayo 5:39, anasema "akupigaye shavu la kuume". Kwa nini la kuume? Mwandishi wako asimame mbele ya mtu, ajaribu kumgusa shavu hilo kwa mkono wake wa kulia. Ataona kwamba njia nyepesi ni mgongo wa kiganja. Sasa sura ileile ya 8 ya Bava Kama inasema kofi la kawaida faini yake ni zuzi 200, sarafu za fedha za wakati ule, la mgongo wa kiganja zuzi 400, kwa sababu hilo ni la kudharau. Mishna iliandikwa baada ya Yesu, na wapo wafasiri wasiokubali kuiunganisha hivi. Mimi nimekubali. Naona Yesu hapo haongei na watoboa macho. Anaongea na mtu aliyeaibishwa, yaani lile la tano katika hesabu ya marabi.

Hilo la tano ndilo wazee wetu walilisahau. Hasara walilipa, hospitali walilipa, siku za kazi walilipa, maumivu nadhani waliyaingiza kwa mtamba. Aibu haikutajwa. Mwenye kupenda chongo huita kengeza, lakini kwao msichana niliyemchumbia waliita chongo kwa jina lake, wakarudisha mahari. Marabi wangekaa tena kikao kwa ajili ya hilo. Imeandikwa kwamba mwanamume mmoja alimfunua mwanamke kichwa hadharani, na Rabi Akiva akamtoza zuzi 400. Jamaa akaenda kuvunja chupa ya mafuta mlangoni kwa yule mama, mafuta ya senti tu, akaweka mashahidi. Mama akafunua kichwa mwenyewe, akayachota kwa kiganja akajipaka nywele. Jamaa akarudi: huyu ndiye nimlipe 400? Akiva akamwambia hajasema kitu. Mtu akijidhuru mwenyewe, hiyo haimpi mwingine ruhusa ya kumdhuru.

Mtamba wangu alizaa mara saba. Jirani bado yupo, mzee kama mimi. Tukikutana njiani hupita upande wangu wa kushoto.

Mwinjilisti mstaafu,
Usangi, Kilimanjaro