Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kanisa la Prejmer na Boma Lake

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba mwaka huu chama chetu cha wapenzi wa majengo ya kale kishughulike na jengo moja tu, nalo ni kanisa la kijiji cha Prejmer, karibu na mji wa Brașov nchini Romania. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza yale tuliyojifunza, yakiwemo ya ziara ya Septemba, ambayo wanachama tisa walikwenda kwa gharama zao wenyewe.

Tangu karne ya 12 wafalme wa Hungaria waliwaita walowezi wa Kijerumani, ambao wamezoeleka kwa jina la Wasaksoni, wahamie Transylvania, eneo ambalo leo ni sehemu ya Romania, walime na kulinda mpaka. Mwaka 1211 Mfalme Andrew II alilikabidhi eneo la Brașov kwa Mashujaa wa Teutoni, shirika la kidini la wapiganaji wa Kijerumani, lakini mwaka 1225 akawafukuza alipoona kwamba wanataka kujitawala. Kanisa lilijengwa katika karne hiyo ya 13, na mwaka 1240 likawekwa chini ya watawa wa Kikatoliki waitwao Wasistersia. Umbo lake la awali ni msalaba wa mikono minne iliyolingana, ingawa mkono wa magharibi ulirefushwa baadaye. Madhabahu yake ya mbao, yenye mbawa zilizochorwa mateso ya Yesu, ni ya katikati ya karne ya 15, na ibada imekuwa ya Kilutheri tangu Wasaksoni walipoyapokea Matengenezo, yaani mageuzi ya kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther, karne moja baadaye.

Hata hivyo, aliyefika Prejmer hukumbuka zaidi boma kuliko kanisa. Baada ya majeshi ya Waosmani, yaani dola ya Waturuki, kuivamia nchi hiyo mwaka 1421, wanakijiji walilizungushia kanisa ukuta wa duara wenye kimo cha takriban mita 12 na unene unaozidi mita 3. Juu yake inapita njia ya walinzi, yenye matundu ya kufyatulia silaha na mianya ya kumwagia adui maji ya moto, na anayeingia hana budi kupita kwanza chini ya tao refu lenye giza.

Vitabu vya watalii husifu sana ukuta huo, nami naona sifa hizo zimeelekezwa upande usiostahili. Geuza uso utazame upande wa ndani: utaona vyumba zaidi ya 270, vimepangwa hadi ghorofa nne kama masega ya nyuki, vikiunganishwa na ngazi na roshani za mbao. Kila nyumba ya kijijini ilikuwa na chumba chake humo, na nambari ya nyumba iliandikwa mlangoni. Wakati wa amani chumba kilikuwa ghala la nafaka na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Ikija hatari, familia ilihamia palipokuwa na chakula chake tayari. Ukuta usio na akiba ungewafungia wenyeji ndani pamoja na njaa yao. Kimoja cha vyumba hivyo kilikuwa darasa, ili watoto wasome hata adui akiwa nje.

Mlango mmoja wa ghorofa ya pili ni mfupi kiasi kwamba mwenyekiti wenu aligonga paji la uso mbele ya wageni wengine. Nilipoinama kujishika, niliona vidato vya ngazi vimelika katikati kama kinu cha zamani, kwa nyayo za watu waliopanda na magunia mabegani. Maelezo hayo hayamo katika mchoro wowote tuliousoma kabla ya safari.

Boma lilitekwa mwaka 1611 na Gabriel Báthory, mtawala wa Transylvania mwenyewe. Katika miaka ya 1960 lilikarabatiwa kwa kuondoa nyongeza za karne za karibuni, na mwaka 1999 UNESCO iliingiza Prejmer katika Urithi wa Dunia, pamoja na Biertan, kijiji kingine cha Wasaksoni chenye kanisa lenye boma, kilichotangulia kuingizwa mwaka 1993. Wasaksoni wengi walihamia Ujerumani baada ya mwaka 1989, hivyo waumini waliobaki ni wachache mno kwa jengo kubwa namna hiyo.

Kamati inapendekeza kwamba mwakani tujifunze Biertan, hasa mlango wa sakristia (chumba cha kuhifadhia vyombo vya ibada) wa mwaka 1515, ambao kufuli lake husukuma makomeo mengi kwa mzunguko mmoja wa ufunguo. Waliopiga picha za milango ya Prejmer wazilete kwa katibu kabla ya mkutano, kwa kuwa nambari tatu katika orodha yetu ya milango hiyo bado hazisomeki.